Jua likichachamaa, Bongo tunalisingizia kila kitu!

Joto hili la jiji linamfanya mtu aoge mara tatu kwa siku na bado ajihisi hajaoga. Wiki hii sizungumzii mapenzi wala mavazi. Nataka tumzungumzie huyo huyo anayetuunguza, yaani jua lenyewe, maana nimegundua tunamsema vibaya bila kumjua.

Mtakumbuka ile Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilipotutoroka. Simu za watu zikawa kama matofali, waliozoea kutuma pesa na kuchati wakabaki wanatazamana. Kijiweni kwetu Magomeni maelezo yalipatikana fasta: jua limelipuka! Na waliosema hivyo hawakutunga kila kitu. Siku mbili kabla, usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi, kweli dunia ilipigwa na dhoruba ya jua ya daraja la juu kabisa, la kwanza kufikiwa tangu Oktoba 2003. Wazungu, mpaka watu wa Mexico, walitoka nje usiku kupiga picha anga lililogeuka la pinki na kijani. Picha zikatufikia Jumamosi, Jumapili intaneti ikakata. Sasa nani asingeunganisha?

Ukweli ni kwamba mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika huko upande wa Afrika Kusini. Jua halikuwemo. Lakini ile kasheshe ilinifanya nianze kusoma habari za jua, na nilipoanza sikuacha. Mimi si msomi mkubwa, shule yangu iliishia sekondari, ila kusoma hakuhitaji kibali cha mtu.

Jua lina madoa. Ni sehemu ambazo nguvu ya sumaku imekuwa kali kiasi cha kuzuia joto la chini lisipande juu. Uso wa jua una joto la karibu nyuzi 5,500 za Selsiasi, na ndani ya doa ni kama 3,500 hadi 4,000. Hata hilo doa "la baridi" lingeyeyusha chuma kama samli, ila kwa kuwa limezungukwa na kitu kikali zaidi linaonekana jeusi, kama chemli iliyowekwa mbele ya taa za lori. Na si vidogo hivyo vidoa. Doa kubwa linaimeza dunia yetu nzima na nafasi inabaki.

Tafadhali, asitoke mtu sasa hivi kwenda kulikodolea jua macho kwa sababu ya makala hii. Macho hayana spea. Galileo na wenzake, miaka ya 1610, walijifunza kuelekeza darubini juani na kuiacha picha yake iangukie kwenye karatasi, wao wanachora tu.

MUUZA DAWA ALIYETAFUTA SAYARI

Miaka zaidi ya mia mbili watu waliyaona madoa na hawakujua yana msimu. Aliyegundua hakuwa profesa. Alikuwa mwenye duka la dawa mjini Dessau, Ujerumani, jina lake Heinrich Schwabe. Mwaka 1826 alianza kuliangalia jua akiwinda kitu kingine kabisa: sayari aliyodhani imejificha karibu na jua kuliko Utaridi. Akapiga hesabu kwamba sayari hiyo ikipita mbele ya jua itaonekana kama kidoa cheusi. Ili asije akachanganya sayari na doa la kawaida, ikabidi awe anayachora madoa yote, kila siku ambayo mawingu hayakumnyima nafasi.

Hebu fikiria wewe una duka la dawa, wateja wanakohoa mlangoni, na wewe uko juu unahesabu madoa. Mwaka 1829 aliliuza duka, shughuli ikabaki moja. Sayari hakuipata, na mpaka leo hakuna aliyeipata kwa sababu haipo. Lakini baada ya miaka 17 ya kuchora, michoro yake ilimwonyesha kwamba madoa huongezeka, hupungua, halafu huongezeka tena, kwa kipindi cha kama miaka kumi hivi. Aliandika habari hiyo mwaka 1843 na karibu kila mtu akampuuza. Medali ya dhahabu kutoka London ilimfikia mwaka 1857, mzee wa miaka 67. Kwa kweli huyu jamaa namheshimu sana.

Mswisi mmoja, Rudolf Wolf, ndiye aliyeipa kazi hiyo mahesabu. Alitengeneza kanuni rahisi: hesabu makundi ya madoa, zidisha kwa kumi, jumlisha na idadi ya madoa yenyewe. Akafukua kumbukumbu za zamani na kuipa kila mizunguko namba, akianzia ule wa mwaka 1755 kuwa wa kwanza. Kwa hesabu hiyo sisi tuko ndani ya mzunguko wa 25. Kituo kinachotunza daftari hilo sasa kiko Brussels, Ubelgiji, na mwaka 2015 walizisahihisha hesabu zote za nyuma. Namba nitakazotaja hapa ni hizo zilizosahihishwa.

HAKUNA MIWILI INAYOFANANA

Sasa hapa ndipo utamu ulipo. Vitabu vinasema mzunguko mmoja ni miaka 11. Hiyo miaka 11 ni kama dakika kumi za kondakta wa daladala, ni wastani wa kumtuliza abiria. Mzunguko wa 2 ulikwisha kwa miaka 9 tu. Mzunguko wa 4, ulioanza 1784, ulijikokota karibu miaka 14.

Na ukubwa ndiyo usiseme. Mzunguko wa 19 ulifika kileleni mwaka 1958 ukiwa na namba 285, na mpaka leo hakuna uliowahi kuufikia. Mwanzoni mwa miaka ya 1800, mizunguko ya 5 na 6 iliishia kwenye 82 au chini yake kidogo. Yaani jua hilo hilo, safari moja linapiga dansi la kukesha, safari nyingine linakuja kama mgeni wa msibani, linakaa pembeni kimya na kuondoka mapema.

Bahati nzuri ule mkubwa wa 19 uliwakuta wanasayansi wako macho. Nchi zaidi ya 60 zilikuwa zimekubaliana kuipima dunia kwa pamoja kuanzia Julai 1957 hadi Desemba 1958. Na wazee wetu waliokuwa na redio za mbao walifaidi bila kujua. Jua likiwa na madoa mengi, mwanga wake wa urujuanimno huongezeka na kulichaji lile tabaka la juu la hewa linalorudisha mawimbi ya redio duniani. Masafa mafupi ya juu, ambayo siku za kawaida hupotelea angani, yanarudi. Mtu mwenye mtambo mdogo tu aliweza kuongea na mwenzake wa bara jingine. Kasoro yake ni kwamba jua likilipuka ghafla, masafa hayo hayo yanazimika upande wote wenye mchana, dakika kadhaa au hata zaidi ya saa nzima, na babu anaanza kuipiga redio makofi.

Tofauti na 1958, angalia juzijuzi. Mwaka 2008 ulikuwa na siku 266 ambazo jua halikuwa na doa hata moja. Wataalamu walikaa wakisubiri kama abiria waliokatiwa tiketi za basi lisilokuwepo. Mzunguko wa 24 ulipoamka, ukafika 116 tu mwaka 2014, mdogo kuliko yote kwa karibu miaka mia moja.

Lakini mfalme wa usingizi ni kipindi cha 1645 hadi 1715. Miaka 70, madoa karibu hakuna! Wengine walidai labda watu wa enzi hizo walikuwa wavivu wa kuangalia. Mmarekani John Eddy alilimaliza suala hilo mwaka 1976. Paris palikuwa na watu wazito wenye darubini nzuri, wakiangalia, na doa moja likitokea lilikuwa habari ya kuandikiwa barua. Zaidi ya hapo, Eddy aliwaita mashahidi wasiosema uongo, yaani miti. Jua likiwa na nguvu, sumaku yake hutukinga na mionzi inayotoka mbali angani. Likilala, mionzi hiyo inaingia kwa wingi na kuzalisha kaboni ya aina fulani, ambayo miti huivuta na kuiweka kwenye pete za shina lake za mwaka huo. Pete za miaka hiyo 70 zilikuwa zimejaa kaboni hiyo. Kesi ikafungwa.

Ulaya kulikuwa na baridi kali enzi hizo na watu hupenda kulibebesha jua lawama yote. Polepole hapo. Baridi ilianza kabla, na volkano nazo zilikuwemo. Tofauti ya mwanga wa jua kati ya kilele na usingizi katika mizunguko tuliyoipima kwa setilaiti ni kama sehemu moja tu katika elfu moja. Kwa hiyo wewe unayesema joto la Dar limezidi kwa sababu ya madoa, tafuta sababu nyingine.

MJOMBA NA MATOFALI YAKE

Sasa niingie kwa mjomba wangu wa Kirumba, Mwanza, maana yeye ndiye aliyenifanya niache kusoma kwa starehe nikaanza kusoma kwa kazi. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipojaa, maji yaliingia uani kwake na kuangusha vyumba viwili vya wapangaji. Hicho ndicho kilikuwa kipato chake cha uzeeni. Mwaka 2024 maji yakaja tena mpaka ukutani. Baadaye mtu mmoja anayemwamini akamwambia: ziwa linafuata jua, jua limeshafika kileleni 2024, kwa hiyo jenga, utakaa kwa amani miaka kumi. Mjomba akanunua matofali. Halafu moyo ukasita, akanipigia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Wewe si unaandika magazetini? Niulizie. Jua likishuka, ziwa nalo linashuka?"

Nilipekua. Na kumbe yule mtu hakuokota maneno yake barabarani. Mwaka 1923 mtaalamu wa hali ya hewa wa Uingereza, C. E. P. Brooks, alilinganisha kina cha Ziwa Victoria na hesabu za madoa ya jua kwa miaka ishirini na kitu iliyokuwa imetangulia. Michoro miwili ikapanda na kushuka pamoja kama mapacha. Watu wakashangilia, wakadhani sasa mvua ya Afrika Mashariki inasomeka kwenye uso wa jua. Haikupita miaka kumi, mapacha wakagombana. Jua likapanda, ziwa likaenda kivyake, na Brooks akawa mfano wa kufundishia wanafunzi wasiamini haraka.

Mwaka 2007 Curt Stager wa Marekani na wenzake waliifufua kesi hiyo. Walisema katika karne ya 20 vilele vya jua viliendana na ziwa kujaa, kwa sababu mvua nyingi zilitangulia kilele kwa kama mwaka mmoja. Kwa hiyo mlango haujafungwa kabisa. Ila mafuriko makubwa yenyewe ndiyo yanayoharibu hesabu za kujengea nyumba. Mvua za ajabu za 1961 ndizo zilizoanza kulipandisha ziwa mpaka likaweka rekodi Mei 1964. Mwaka 1964 jua lilikuwa wapi? Chini kabisa, mzunguko mmoja ukiisha na mwingine ukianza. Mvua za El Nino za 1997 na 1998, zile zilizokata madaraja yetu, zilikuja jua likiwa ndiyo kwanza linaamka. Na Mei 2020, maji yalipoipita rekodi ya 1964, mzunguko wa 25 ulikuwa na miezi mitano tu tangu uanze.

Kitu kinachoonekana mara zote hizo, mwaka 1961, 1997, 2019 na 2023, ni Bahari ya Hindi. Maji ya upande wetu wa magharibi yalipata joto kuliko kawaida huku yale ya upande wa Indonesia yakipoa, na mawingu yakahamia kwetu. Hilo halina miadi ya miaka 11.

Nikampigia mjomba. Nikamwambia jua si kalenda ya ziwa, na hata lingekuwa kalenda, lenyewe halina uhakika wa tarehe zake. Halafu nikamkumbusha kwamba sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli za watu zikae mita 60 kutoka ufukweni.

Akanyamaza kidogo. "Mpwa wangu, nimepima kwa kamba. Ni arobaini na mbili."

Matofali bado yamepangwa pale pale. Hajajenga wala hajauza.

WATABIRI NAO HUCHEMSHA

Mwenye kutaka kumcheka mjomba awacheke kwanza wataalamu. Mwaka 2006 kundi moja la Marekani lenye kompyuta za nguvu lilitangaza kwamba mzunguko wa 24 utauzidi wa 23 kwa asilimia 30 hadi 50. Ukaja ule wa 116, wa kulala! Aliyepatia alikuwa Leif Svalgaard na wenzake, ambao mwaka 2005 walisema utakuwa mdogo sana. Kwa huu wa 25, jopo rasmi la Marekani mwaka 2019 lilisema utafika 115 mwezi Julai 2025. Mwaka uliofuata Scott McIntosh na wenzake wakapinga: utafika 233, utakuwa kati ya mikubwa kabisa. Jua likawachenga wote. Lilifika kilele Oktoba 2024, likiwa na kama 161.

Svalgaard alitumia nini? Aliangalia mbegu. Mkulima ukitaka kujua atavuna nini mwakani, angalia mbegu aliyoweka ghalani mwaka huu. Jua haliviringiki kama mpira mgumu. Katikati linazunguka kwa siku kama 25 na karibu na ncha kwa zaidi ya siku 30, hivyo nyuzi zake za sumaku zinasokotwa na kuvutwa mpaka zinachomoza juu kama madoa. Madoa yakifa, mabaki ya sumaku yake husukumwa polepole kuelekea kwenye ncha mbili za jua. Yakifika huko yanaigeuza sumaku ya zamani juu chini, kaskazini kuwa kusini, kisha yanajikusanya. Mkusanyiko huo, jua likiwa limelala, ndiyo mbegu ya mzunguko unaofuata. Ukiwa hafifu, mavuno hafifu.

Tatizo ni kwamba mbegu hiyo inaamuliwa na sehemu ndogo sana ya mabaki, na makundi machache ya madoa yaliyokaa kombo yanaweza kuipunguza. Ndiyo maana hakuna anayeweza kukwambia leo kwa uhakika mzunguko wa 26 utakuwaje. Inabidi kusubiri jua lishuke, karibu na mwaka 2030, ndipo ghala lipimwe.

Na kutabiri huku si mchezo wa wasomi. Jua likichachamaa, hewa ya juu hupata joto, hutanuka na kuzikamata setilaiti kama matope. Hata pwani yetu ina historia hapo. Mwezi Aprili 1967 Waitalia walirusha setilaiti ya San Marco 2 kutoka kwenye jukwaa lao la baharini karibu na Malindi, Kenya, kazi yake ikiwa kupima hewa hiyo juu ya ikweta. Mwaka 1979 kituo cha Wamarekani cha Skylab kilianguka Australia kabla ya muda waliopanga, maana mzunguko wa 21 ulikuja na nguvu kuliko walivyotegemea. Februari 2022 hadi setilaiti 40 kati ya 49 za Starlink ziliangamia siku chache baada ya kurushwa, kwa dhoruba ambayo wala haikuwa kubwa.

Mzunguko mdogo nao usikupe usingizi. Dhoruba ya Septemba 1859, iliyofanya mitambo ya telegrafu Marekani ifanye kazi bila betri, ilitokea kwenye mzunguko wa wastani tu. Tarehe 23 Julai 2012, katikati ya ule mzunguko wa kulala wa 24, jua lilitema wingu ambalo wataalamu wanalilinganisha na lile la 1859. Lilipita njia ya dunia, ila dunia ilikuwa mahali pengine. Machi 1989 jimbo la Quebec, Kanada, halikupata bahati hiyo: gridi ilianguka kwa sekunde 90 hivi, watu milioni sita wakakaa gizani kama saa tisa. Mgao wetu tunaujua, lakini ule ulitoka juani moja kwa moja.

Wengine wanadhani kilele kikishapita hatari imekwisha. Zile dhoruba za Oktoba 2003 zilikuja miaka miwili baada ya kilele cha mzunguko wa 23.